Ratiba ya kusomesha watoto watatu nyumbani imenishinda siku ya nne. Nyinyi mnapangaje?

MamaChapati_Jinja:

Hamjambo wenzangu. Mie niko Walukuba hapa Jinja, mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa huku mwaka wa 14 sasa. Nina watoto watatu: msichana wa miaka 12 anayetakiwa kuwa P.6 (darasa la sita la msingi huku Uganda), mvulana wa miaka 8 wa P.3, na kitinda mimba wa miaka 5, ambaye ndiye serikali ya nyumba hii. Muhula huu sikuwarudisha shule. Nawasomesha mwenyewe, na ratiba niliyoipanga imenifia mkononi. Naomba mnisikilize kwanza, ndipo mnipe maneno.

Kilichonitoa shule ni gari la shule. Sisi ndio tulikuwa wa mwanzo kwenye mzunguko wake, kwa hiyo honi mlangoni ni saa kumi na moja kasorobo, alfajiri haijaadhiniwa. Mkubwa alikuwa akivaa soksi huku kalala. Kurudi ni saa moja na nusu usiku, na mkobani kuna kazi ya kurasa sita. Akisinzia darasani anachapwa. Siku niliyoona alama mgongoni nilikwenda kuuliza, nikaambiwa hawa wanajiandaa kwa mtihani. Mtihani wenyewe wa mwaka ujao! Juu ya hapo ada ikapanda, ikaja na ile karatasi ya mahitaji tunayoijua sote: rimu za karatasi, mafagio mawili, karatasi za chooni, sukari kilo mbili, kila mtoto na zake. Baba yao anaendesha trela kati ya Mombasa na Kampala, na safari zimepungua. Nikasema basi.

Nilidhani kazi hii naijua. Shule zilipofungwa Machi 2020, huyu mkubwa ndio kwanza alikuwa ameingia P.1, na hakukaa darasani tena mpaka Januari 2022. Kusoma alijifunzia jikoni kwangu, kwenye kurasa za masomo zilizokuwa zikitoka gazetini. Tukimaliza ukurasa nafungia mandazi. Lakini wakati ule mwanafunzi alikuwa mmoja. Mmoja ni mchezo, watatu ni bunge.

Basi nikaenda mjini, nikanunua karatasi ya manila ya njano na kalamu za rangi, nikanakili ratiba ya shule vilevile. Saa mbili Hisabati, saa mbili na dakika 40 Kiingereza, mapumziko, Sayansi, SST (maarifa ya jamii), mpaka saa kumi. Nikaibandika ukutani, nikaipiga picha nikamtumia baba yao. Akanirudishia kidole gumba.

Jumatatu. Mie huamka saa kumi usiku kukanda unga. Saa kumi na mbili na nusu niko kona ya barabara na sigiri yangu, na wateja hawakatiki mpaka saa tatu. Sasa Hisabati ya saa mbili nani aifundishe? Sikuliona hilo nilipokuwa nachora mistari kwa rula. Jumanne nilianza saa tatu unusu, nikaingia Sayansi, maji yakatoka. Hapa kwetu maji yakitoka unakinga, huwezi kuliambia bomba lingoje mpaka Sayansi iishe. Jerikeni nane. Jumatano baba yao akapiga simu kutoka Mtito Andei, ana dakika tano, anataka kumsalimia kila mmoja, na kila mmoja ana mashtaka. Alhamisi nilikuta kitinda mimba kachora mbuzi juu ya safu yote ya Jumatano, na mvulana akaniambia, "Mama, hata shule walikuwa wanatuacha tukakojoe."

Ijumaa hatukusoma kitu. Nililala.

Kwa hiyo nauliza mliowahi: mnapangaje siku? Nimkalishe nani kwanza? Mdogo nimfanye nini mkubwa akiwa kwenye sehemu za desimali? Na hii Hisabati ya P.6 yenyewe, mie niliishia darasa la nane kule Kenya, lakini hizi seti na maduara yake zinanitia kizunguzungu. Halafu lugha: ndani tunasema Kiswahili, nje wanacheza kwa Kisoga na Kiganda, vitabu ni vya Kiingereza. Nishike ipi?

MwalimuMstaafu_Tororo:

Mama watoto, salamu kutoka Tororo. Nimefundisha miaka 31, minane kati yake katika shule ya kijijini ambako P.2, P.3 na P.4 nilikuwa nao peke yangu chini ya paa moja la mabati. Mvua ikinyesha tulinyamaza sote. Watoto watatu wa madarasa matatu si kitu cha kukutisha.

Ibandue hiyo manila. Ratiba ya shule kazi yake kubwa ni kuzuia watoto mia wasikanyagane. Darasa langu la mwisho lilikuwa na watoto 94. Uite majina, ugawe vitabu, umtafute aliyechukua penseli ya mwenzake, usahihishe madaftari 94. Katika kipindi cha dakika 40, nikifundisha 15 nilishukuru. Wewe foleni hiyo huna. Saa tatu za kazi ya kweli zinakutosha kwa siku nzima, na huyo wa miaka 5 nusu saa ni nyingi.

Usipange kwa saa ya ukutani. Panga kwa "baada ya". Baada ya uji, baada ya maji, baada ya mama kurudi na sigiri. Maji yakichelewa, masomo yanachelewa nayo, lakini hayapotei, kwa sababu mtoto anajua kinachofuata.

Sasa nani kwanza. Wengi huanza na mkubwa kwa kuwa ana mtihani. Mdogo anangoja, anachoka kungoja, anaanza vituko, na mkubwa hapati kitu. Anza na mdogo. Mpe dakika 15 zako zote, simu iwe mbali: herufi moja, hadithi moja, ahesabu maharage. Akishiba utamwona anaondoka mwenyewe. Kisha P.3, kisha P.6. Na shika sheria moja niliyoishi nayo kwenye lile paa la mabati: kazi mpya ni ya mwalimu, kazi ya zamani ni ya mtoto peke yake. Ukimwachia mtoto jambo jipya atakuita kila dakika. Ukimkalia kwenye jambo analolijua, mmepoteza wote wawili.

Huyo wa P.3 mwangalie sana kuliko unavyodhani. Tangu 2007 mtaala wa P.1 mpaka P.3 unakwenda kwa mada, na lugha ya eneo inatumika. P.4 masomo yanatengana na Kiingereza kinashika usukani, na hapo nimeona watoto wenye akili wakianguka kama maembe mabichi. Asome kwa sauti kila siku, hata ukurasa mmoja. Kuhusu lugha ipi: mweleze jambo kwa Kiswahili, alisome kwa Kiingereza, akusimulie kwa anayoitaka. Kiswahili chenu nacho msikionee haya. Baraza la mawaziri lilikipitisha Julai 2022 kiwe somo la lazima shuleni, na walimu wake wanatafutwa kwa tochi.

SST ya P.4 ni wilaya, P.5 ni Uganda, P.6 ni Afrika Mashariki, P.7 ni Afrika. Wewe umeolewa na SST ya P.6. Mwambie baba yao kila akipiga simu ataje yuko wapi na anaona nini.

Na seti usizikimbie. Kuna wateja wanaonunua chapati, kuna wanaonunua mandazi, kuna wanaonunua vyote viwili. Chora duara la chapati na duara la mandazi, yapishane katikati. Wale wa katikati ndio wateja wa vyote. Umeshafundisha seti.

Mkubwa naye amsaidie mdogo wake wa P.3 Hisabati, itamtia nguvu yeye mwenyewe.

Jambo la mwisho si la ratiba, lakini nisipolisema nitalala vibaya. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mtoto huandikishwa kupitia shule yenye namba ya kituo cha UNEB, baraza la mitihani, tena mapema mwaka wa P.7. Tafuta mwalimu mkuu mmoja mwenye masikio, uzungumze naye mwaka huu, umweleze ukweli wote.

MamaPacha_Bombo:

Dada yangu wa Jinja, pole, na hongera kwa kulala Ijumaa. Mimi nina pacha wa P.4 na mmoja wa P.1, mwaka wa pili huu nyumbani. Mwalimu amesema vizuri, ila nina mahali nitamgusa, nisamehewe.

Hizo saa zako za kona, kutoka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, usifundishe lakini usizitupe. Hapo ndipo pa kazi ya zamani. Mimi huandika vikaratasi usiku, kila mmoja chake, naviweka chini ya sahani za uji zilizofunikwa. Mtoto akifunua sahani anakuta kazi: hesabu tano za jana, au mistari sita ya kunakili, au "kata mboga uhesabu majani". Siandiki zaidi ya mambo matatu. Nilipoandika matano walificha karatasi wakaniambia panya amekula.

Ubao nilipaka mlango wa chumba rangi nyeusi ile ya ubao, kopo dogo linatosha. Mlango haudondoki, haupeperuki, na mtoto mdogo anafika upande wa chini. Kila mtu ana urefu wake pale.

Halafu adhuhuri. Sisi wa huku jua halituchezei, mwaka mzima adhuhuri inazunguka kati ya saa sita na nusu na saa saba. Hiyo ndiyo kengele yangu kubwa. Kabla yake kichwa, baada yake mikono. Wakishaswali na kula, saa nzima kila mtu kwenye mkeka wake, hakuna kusema. Tunaiita saa ya bubu. Anayetaka kusoma asome, anayetaka kulala alale, anayetaka kuangalia dari aangalie dari. Hiyo saa ni yangu mimi, sioni haya kusema. Bila hiyo ningeshawarudisha shule zamani. Alasiri wanakwenda madrasa, na hapo wanakutana na wenzao.

Ninapomgusa Mwalimu ni hapo pa mkubwa kumfundisha mdogo. Kwa mwanamume aliyekuwa na darasa la watoto tisini inaonekana msaada. Nyumbani, kwa msichana wa miaka 12, ni mlango unaofunguliwa kidogo na haufungwi tena. Leo Hisabati ya kaka, kesho amwogeshe mdogo, keshokutwa ageuze chapati. Mimi nilikuwa huyo mkubwa. Nililea watano wa mama yangu, na jedwali la saba mpaka leo nalisitasita.

BabaWanne_Arua:

Nitasema lisilopendeza, dada, usinikasirikie. Sheria ya elimu ya 2008 inasema elimu ya msingi ni ya lazima kuanzia umri wa miaka 6, kwa miaka saba. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa mtaa, akikuuliza watoto hawa wako wapi asubuhi, utamwambia nini? Jinja sasa ni jiji, lina ofisi ya elimu na mkaguzi wa shule. Nenda ukajitambulishe mwenyewe kabla jirani hajakutambulisha.

La pili amelianza Mama Pacha, mimi nalimaliza. Nilikuwa hapa Arua shule zikiwa zimefungwa. Wavulana walikwenda kuchoma matofali na kuendesha boda. Wasichana walibaki nyumbani "kusaidia". Shule zilipofunguliwa mwezi huo wa Januari, wasichana wangapi walirudi na mtoto mgongoni, na wangapi hawakurudi kabisa? Wewe unauza chapati tangu usiku. Kuna mdogo wa miaka 5 ndani. Baba yuko njiani. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu mama wa nyumba hiyo ni nani? Usinijibu mimi. Shika saa siku moja, uandike binti yako amefanya nini dakika kwa dakika.

Kama shule ile ilikuwa ya viboko na magari ya usiku, tafuta nyingine ya karibu wanayokwenda kwa miguu. Si shule zote zina honi.

MamaChapati_Jinja:

Baba Wanne, nilikasirika. Nilifunga simu nikaosha mabeseni kwa hasira. Nilipoyamaliza nikagundua kwa kawaida siyaoshi mimi.

Kesho yake nikafanya ulivyosema. Nilichukua daftari la deni la wateja nikaandika nyuma. Toka aamke mpaka saa kumi jioni, mwanangu alifanya kazi yake mwenyewe ya masomo dakika 50. Hamsini. Saa nzima na robo alikuwa na mdogo wake, dakika 40 maji, dakika 35 Hisabati ya kaka yake, ambayo mie niliihesabu kuwa masomo yake yeye. Mabeseni sikuyaandika, niliona aibu.

La shule ya karibu nimekusikia. Ipo moja ya kwenda kwa miguu, nitakwenda kuitazama muhula ukiisha. Kwa sasa naomba wiki tatu, nitarudi hapa nieleze.

MamaPacha_Bombo:

Usione aibu. Mimi nilipimwa na mume wangu, na hakutumia daftari, alitumia mdomo.

MamaChapati_Jinja:

Wiki tatu zimepita, na siku mbili. Nieleze.

Manila niliibandua lakini sikuitupa, nitawaambia imekwenda wapi. Mlango wa chumba nimeupaka rangi nyeusi. Mwenye nyumba bado hajauona.

Asubuhi vikaratasi vya chini ya sahani vinafanya kazi kwa mvulana kuliko nilivyotarajia, anavipenda kama barua. Kwa mkubwa nilibadilisha. Kitinda mimba sasa nakwenda naye kona. Ndiyo, na baridi yake, na moshi wake. Nimemwekea kiboksi na sweta la baba yake, na wateja wanamhesabia chapati: "moja, mbili, tatu, nyabo lipa." Anahesabu mpaka 40 bila kuruka 13, ambayo alikuwa akiiruka kila siku. Kwa hiyo mkubwa kuanzia uji mpaka nirudi ni wake peke yake, mlango umerudishwa, na kaka yake kakatazwa kumwita ila nyumba iwe inaungua. Siku ya kwanza alikaa akatazama ukuta. Siku ya pili alilala. Siku ya tatu nilikuta amefanya hesabu za kurasa mbili na ametengeneza nywele. Sikuuliza kipi kilianza.

Nikirudi tunakunywa chai, ndipo dakika 15 za mdogo kwenye mlango. Mwalimu ulisema kweli, anaondoka mwenyewe. Lakini hukusema kwamba anarudi. Anarudi baada ya dakika 20 na swali kuhusu mbuzi. Nimempa kopo la maharage na chupa yenye mdomo mwembamba, ayaingize moja moja, na hilo hunipa nusu saa nyingine. Kisha mvulana anasoma kwa sauti nikiwa napepeta mchele, kisha mkubwa na mie, mambo mapya tu, mpaka adhuhuri. Maji yakitoka tunatoka wote wanne, hakuna mtu mmoja wa maji. Jerikeni nane kwa watu wanne ni dakika 15. Mbona sikuwahi kufikiri hivyo?

Saa ya bubu ni ngumu. Wiki ya kwanza ilikuwa dakika kumi za bubu na 50 za kunong'ona. Sasa tumefika nusu saa. Nachukua hiyohiyo.

Manila: niliigeuza upande wa nyuma, tukachora barabara ya baba yao. Mombasa, Voi, Mtito Andei, Nairobi, Nakuru, Eldoret, Malaba, halafu Tororo, Bugiri, Iganga, nyumbani, Kampala. Inatandazwa sakafuni, na kizibo cha soda ndiyo trela. Akipiga simu kizibo kinasogea. Wiki iliyopita kizibo kilikaa Malaba siku mbili, na mvulana akataka kujua kwa nini nchi mbili zilizo rafiki zinapanga malori foleni. Baba yake alimweleza forodha kwa simu mpaka salio likakata. Mie sijawahi kuielewa forodha mpaka siku hiyo.

Kitabu chetu cha SST cha mtumba kinasema nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tano. Mkubwa amekipinga kwa kalamu nyekundu pembeni, akaongeza Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024, akaandika "nane". Nimemwacha. Ijumaa kabla ya sala tulikwenda kulitazama daraja jipya la Nile. Mita 525, limefunguliwa Oktoba 2018, yeye alikuwa mtoto wa nasari wakati huo na anakumbuka msongamano tu. Kabla ya hapo malori yote yalipita juu ya bwawa la Nalubaale, la tangu 1954, na baba yao anasema kila alipopita pale na kontena alisoma dua.

Lililoniuma na kunichekesha ni Hisabati. Mama Pacha hukusema, lakini vikaratasi vyako vilinifanya nimwandikie siku moja: "Piga hesabu ya faida ya chapati za leo." Nilidhani nampa kazi nyepesi. Akaja kuniuliza bei ya kila kitu. Unga kilo mbili, shilingi 8,500. Mafuta ya hiyo pakiti, 1,500. Makaa, 1,500. Pakiti moja mie hutoa chapati 24, naziuza 500. Akaandika mlangoni: 12,000 toa 11,500. Halafu akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, pakiti moja faida yake ni chapati moja." Mie hufanya pakiti tatu kwa siku. Akaendelea: "Unaamka saa kumi usiku, unatengeneza chapati 72, ili upate tatu."

Miaka minne niko kona ile. Mandazi ndiyo yalikuwa yakinibeba na mie sijui. Nilikaa kwenye ndoo. Mvulana akaniletea maji ya kunywa.

Ofisi ya elimu nilikwenda, Baba Wanne. Mama mmoja pale alinisikiliza, akaandika majina ya watoto, akaniambia nirudi na madaftari yao mwisho wa muhula. Mwalimu mkuu wa PLE sijampata bado; wa kwanza alitaka mtoto akae bweni.

Sasa nina swali jipya. Mkubwa anakwenda mbio kwenye Hisabati na SST, ila insha za Kiingereza anaandika kama anayeogopa kuchapwa. Mistari minne, nukta, basi. Kwa Kiswahili anaandika kurasa mbili bila kupumua. Nifanyeje?

MwalimuMstaafu_Tororo:

Mama Pacha kanigusa na nimeguswa. Lile la mkubwa kumfundisha mdogo nalirudisha mfukoni.

Insha: kwa mwezi mzima usisahihishe kosa hata moja la Kiingereza. Chukua zile kurasa mbili za Kiswahili, mwambie achague sehemu moja tu, aisimulie kwa Kiingereza kwa mdomo, mkiwa mnafanya kazi nyingine, halafu aiandike kama alivyoisema. Wewe jibu kwa kuandika chini yake swali moja la kweli, la mtu anayetaka kujua. "Halafu yule mbuzi alikwenda wapi?" Makosa tutayawinda mwezi wa pili, aina moja kila wiki, tukianza na vitenzi vya wakati uliopita. Aliyechapwa kwa kosa huandika mistari minne kwa sababu mistari minne ina makosa machache. Ana akili timamu huyo mtoto.

Bweni kataa. Endelea kutafuta.

Na chapati sasa unauza bei gani?

MamaChapati_Jinja:

600. Mkubwa ndiye aliyepanga, akaniandikia na hesabu ya wiki. Wateja wamenuna siku mbili, hasa wa chenji ya mia nne. Siku ya tatu wamerudi.